Dada muuguzi wa Kagera, usilipe hiyo ada kabla hujasoma tangazo la ajira

Usilipe. Kama hela bado iko mkononi, iache hapo hapo mpaka umalize kusoma hii.

Mleta uzi anasema ni muuguzi wa diploma kwenye zahanati huko Kagera, na tangu mlipuko wa virusi vya Marburg wa Machi 2023 anatamani kuingia upande wa ufuatiliaji wa magonjwa. Sasa kapata nafasi ya digrii ya "usimamizi wa afya ya jamii", masomo ya jioni na wikiendi. Anauliza ada inalipwa kwa awamu ngapi, kama ataweza kusoma huku akiingia zamu, na laptop gani inafaa. Halafu katikati, kama kitu kidogo tu, kaandika kwamba mratibu wa udahili kamhakikishia akimaliza halmashauri itampandisha.

Hilo hata mimi niliambiwa, karibu neno kwa neno.

Mimi ni Afisa Muuguzi Msaidizi, ngazi ya mshahara TGHS B, sawa na wewe. Nilichukua mkopo wa mtumishi benki, nikasoma digrii ya aina hiyo hiyo, nikafaulu vizuri. Chuo kinatambuliwa na TCU, Tume ya Vyuo Vikuu. Barua ya ruhusa ya mkurugenzi ninayo mpaka leo, ina mhuri. Kila karatasi ambayo watu humu huwa wanakumbushana waitafute, nilikuwa nayo. Ndiyo maana sitaki mtu aje kuandika hapa chini kwamba sikufuata taratibu. Nilizifuata zote nilizoambiwa.

Nikapeleka cheti ofisi ya utumishi ili nibadilishiwe muundo, yaani nihamishiwe cheo cha wenye digrii. Afisa akafungua muundo wa kada yetu, ule waraka unaotaja sifa za kila cheo, akaweka kidole kwenye mstari wa Afisa Muuguzi Daraja la II: awe na Shahada ya Uuguzi kutoka chuo kinachotambuliwa na serikali, na awe amesajiliwa na Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania. Kidole kikahama polepole mpaka kwenye cheti changu, kikapita chini ya jina la kozi. Akaniambia, "Hii ni shahada halali kabisa, ila si ya kada yako." Hakuwa mkali, na hakukosea.

Nikaenda baraza. Kwenye rejista naendelea kuwa muuguzi wa diploma, kwa sababu nilichosoma si uuguzi. Nikauliza, basi nihamie kwa maafisa afya? Afya mazingira nao wanataka mtu aliyesoma afya ya mazingira, na wana baraza lao linalowasajili. Nikawa na digrii nzima isiyo na cheo cha kuipokea. Mwezi uliofuata slipu ya mshahara ikaja na TGHS B ile ile, makato ya benki yakiwa palepale. Mtumishi anaijua ile theluthi ya mshahara ambayo benki haiwezi kuigusa. Familia yangu iliishi kwenye hiyo theluthi, ada za watoto humo humo, na mimi ndiye niliyewaahidi kwamba mambo yatabadilika nikimaliza chuo.

Wanaonikera zaidi ni hao waratibu wa udahili. Mtu anakuja mpaka kwenye kikao cha wauguzi na mabunda ya fomu, anamwambia mama anayezalisha usiku kucha kwa mwanga wa simu kwamba "afya ni afya, kada baadaye". Hajawahi kufungua muundo wa utumishi hata siku moja. Ukimrudia baada ya miaka mitatu anakwambia yeye alikuwa upande wa udahili tu. Kumpa mtumishi ahadi kuhusu cheo ambacho huna mamlaka nacho ni dhuluma, na sitatafuta neno laini zaidi ya hilo.

Na halmashauri nayo sitaiacha. Barua yangu ilipita kwa mganga mfawidhi, ikapita kwa DMO (mganga mkuu wa wilaya), ikafika utumishi, na wote walichoangalia ni maneno "kwa gharama zake mwenyewe". Kwa kuwa hawalipi, hakuna aliyeuliza naenda kusomea nini. Zahanati zinalia upungufu wa wauguzi, mmoja anajitolea kusoma kwa mfuko wake, na hakuna anayetumia dakika tano kusoma jina la kozi!

Kwa hiyo fanya hivi kabla ya jambo lingine lolote. Tafuta tangazo la Sekretarieti ya Ajira lenye cheo unachokitaka wewe, kile hasa, si kinachofanana nacho. Nenda kwenye sifa za mwombaji. Soma sentensi ya elimu neno kwa neno, kisha weka pembeni fomu yako ya udahili. Jina la kozi lisipoonekana kwenye hiyo sentensi, simama hapo. Likionekana, chukua karatasi zote mbili, mwandikie mkurugenzi kupitia kwa DMO, uulize waziwazi: nikihitimu kozi hii nitabadilishiwa muundo kuwa cheo gani? Omba jibu la maandishi. Barua ya ruhusa inakulinda usiitwe mtoro kazini, haikuahidi cheo. Mimi nilidhani barua moja inabeba yote mawili. Na uombe jina lako liingizwe kwenye mpango wa mafunzo wa halmashauri hata kama unajilipia.

Hamu yako ya ufuatiliaji wa magonjwa ni ya kweli na inahitajika, usiniambie nimekukatisha tamaa. Ule mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii uliozinduliwa Januari 2024 unalenga wahudumu 137,294, na hao wataleta taarifa zao kwenye zahanati kama yako. Anayejua kugundua kwamba kuhara kwenye kitabu namba 5 cha MTUHA, rejista ya wagonjwa wa nje, kumeongezeka wiki hii kwenye kitongoji kimoja ni wewe uliye mezani. Kwa hilo huhitaji hiyo digrii. Muulize DMO kuhusu mafunzo ya FELTP, yale ya epidemiolojia kwa vitendo, ya ngazi ya awali: ni ya miezi mitatu hivi, sehemu kubwa unafanyia kituoni kwako kwa takwimu zako mwenyewe. Hayatakupandisha cheo, na hakuna atakayekudanganya kwamba yatakupandisha, lakini unachojifunza Jumatatu unakitumia Jumanne.

Na kama unataka kupanda, soma Shahada ya Uuguzi kwanza. Ukishabadilishiwa muundo, nenda kwenye uzamili wa afya ya jamii, MUHAS (chuo kikuu cha afya Muhimbili) wanayo. Mpangilio ukiwa huo, kila cheti kina mahali pa kukaa. Ukigeuza, unaweza kukwama kama mimi, na sasa hivi ndiyo naanza mwaka wa kwanza wa uuguzi, kwa mkopo mwingine.

Ya awamu za ada na laptop watakujibu wengine. Wewe niandikie hapa jina la kozi kama lilivyo kwenye fomu, herufi kwa herufi, na cheo unachokitaka. Kama kuna tangazo lake nitalitafuta leo usiku nikitoka zamu.