Washington si mahali pa kufulia

Swali: Kijana wangu yuko darasa la sita na anaitwa Washington, jina la babu yake. Juzi karudi nyumbani analia. Mwalimu wa Kiingereza kawaambia wenzake kuwa maana yake ni mji wa kufulia nguo. Ni kweli?

Jibu: Mama Washington, mfute machozi. Mwalimu amesoma Kiingereza cha leo ("wash" ni kufua, "town" ni mji) ndani ya jina lenye umri wa zaidi ya miaka mia nane. Sisi wa kazi hii ya kuchimbua asili ya majina hatuanzi na tahajia ya sasa, tunafukua ya zamani kuliko zote. Washington iliyo kaskazini mwa Uingereza, jirani na Sunderland, imeandikwa "Wassyngtona" katika daftari la mashamba ya askofu wa Durham la mwaka 1183. "Sh" haimo, na kufua hakumo.

Lipasue vipande vitatu. Cha kwanza ni jina la mwanamume, Hwæsa. Hiyo "-ing-" inafanya kazi ya "la" yetu: la fulani. "-Ton" zamani ilikuwa "tun": kwanza ua uliozungushiwa ugo, kisha boma na nyumba zake, mwishowe kijiji kizima. Boma la Hwæsa, basi.

Ukoo ulifuata baadaye. Karne hiyo ya 12, bwana mmoja aitwaye William de Hertburn alibadilishana shamba lake kwa lile la Washington, naye akaanza kuitwa William de Wessyngton. "De" ni "wa" tu. Mtu kahama, jina likahama naye! Wanawe wakalirithi hata walipokwenda kuishi kwingine, kama Washirazi wetu wanavyoitwa kwa mji wa Shiraz wakiwa Unguja, na "de" ikadondoka njiani. Miaka ya 1650 John Washington akalivusha bahari hadi Virginia. Kitukuu wake, George, ndiye yule rais, na mji mkuu wa Marekani ukapewa jina lake mwaka 1791.

Ila kuna mtego. Kusini, katika Sussex, ipo Washington nyingine, na katika karne ya 10 iliandikwa "Wessingatun". Hiyo "a" katika "-inga-" ni alama ya wingi: boma la watu wa Wassa. Mwenye ukoo huu akinijia, kwanza namuuliza wazee wake walitoka kaskazini au kusini. Kijana wako simuulizi. Yeye kalipata kwa babu yake, na babu, nadhani, kwa George.