Huzuni ya Kichwamaji inatoka wapi?

SWALI: Habari za kazi mhariri. Nimesoma riwaya ya Kichwamaji ya Euphrase Kezilahabi mara ya pili sasa na kila nikimaliza nashinda siku nzima sina raha, hata chakula hakipiti. Mwenzangu ninayekaa naye hosteli anasema ni kwa sababu mule wanakufa watu wengi, mi nabisha, naona ni huyu msimulizi, Kazimoto mwenyewe, anavyoongea tu ananikata stimu. Nani yuko sahihi?
– Msomaji, Mwanza

JIBU: Mdogo wangu, uko sahihi, na ushahidi anao mwandishi huyohuyo. Chukua riwaya yake nyingine, Rosa Mistika ya 1971. Mle nako kuna vifo na Rosa mwenyewe anajiua, lakini anayesimulia kasimama pembeni, kwa hiyo unapata nafasi ya kumlilia Rosa kama unavyomlilia mtoto wa jirani. Kwenye Kichwamaji, 1974, Kezilahabi akampa maiki Kazimoto, kijana wa chuo kikuu, Mungu anamtilia shaka, kijijini kwao hapamkai, na kila kitu tunakiona kwa jicho lake tu, hatuna jingine.

Jaribu hivi, hii natunga mwenyewe. “Watu walikuja msibani kumlilia marehemu.” Sasa mpe mtu wa aina ya Kazimoto aseme: “Watu walikuja msibani, wachache kulia, wengi kula.” Msiba uleule, wali uleule, ila hiyo ya pili imeshakunyang'anya majirani wote, huna tena wa kumuegemea. Sasa kaa na sauti hiyo riwaya nzima.

Na mwanzoni unampenda kabisa, maana anawasema watu ambao hata wewe ulitamani kuwasema, unajiona mjanja pamoja naye. Halafu mambo yanamgeukia, kijana mwenzake Manase anampa mimba Rukia, mdogo wake Kazimoto, Rukia anakufa, Kazimoto anakuja kumuoa Sabina ambaye ni dada wa huyohuyo Manase, mtoto wao anazaliwa na kichwa kikubwa na anakufa. Hapo ndo unatafuta neno la faraja, sala, methali ya bibi, chochote, kumbe vyote alishavibeza mbele yako huko nyuma na wewe ukaitikia. Mi hapo ndo paliponiumiza kuliko hata vifo vyenyewe.

Mwenzako mwambie arudie kurasa za mwanzo, kabla hajafa mtu, asome kwa sauti, aone kama kifua hakijaanza kubana.