Kikohozi cha mama na dawa ya presha
Pole sana ndugu yangu. Umesema mama ana miaka 62, yuko Ujiji, anakohoa kikavu toka aanze enalaprili, dawa ya presha, miezi miwili iliyopita, na baba anameza hiyohiyo wala hakohoi. Mimi nisingekimbilia kulaumu moshi wa kukaushia samaki wa migebuka. Hiyo dawa inazuia enzaimu (kimeng'enya cha mwilini) inaitwa ACE, na hiyo enzaimu kazi yake sio presha tu, inakatakata pia peptidi, yaani kipande kidogo cha protini, inaitwa bradikinini, sasa ikizuiwa bradikinini inarundikana kwenye njia ya hewa, koo linawasha, mtu anakohoa usiku kucha bila hata tone la makohozi. Na wanawake inawapata zaidi kuliko wanaume, umri nao unachangia, kwahiyo usishangae mzee kusalimika.

Ila tafadhali asiache mwenyewe, presha itapanda! Mpeleke kwa daktari na boksi la dawa mkononi, uliza habari ya losatani, dawa nyingine ya presha, yenyewe haigusi hiyo enzaimu. Akibadilishiwa, kikohozi mara nyingi kinaisha ndani ya wiki 1 hadi 4. Wampime na kifua, TB isije ikajificha humo. Midomo au ulimi ukivimba, hospitali hapohapo, hata iwe saa nane usiku.