Zamu ya Alhamisi

Mhariri, wiki hii mmetuuliza: mwandishi akiugua maradhi mazito, waandishi wenzake wampe nini zaidi ya pole? Najibu nikiwa Nakuru, ambako mwenzetu mmoja figo zilimgomea mwaka jana. Husafishwa damu mara mbili kwa wiki, na kila mara hulala kwenye mashine kwa muda wa saa nne. Jina lake sitalitaja. Haya mengine ameniruhusu niyaseme.

Pesa kwanza. Kundi letu la WhatsApp lilijaa dua na "ugua pole" siku mbili nzima, hadi dada mmoja anayeandika hadithi za watoto alipouliza, "SHA yake iko sawa?" Aliuliza juu ya bima ya afya ya serikali. Haikuwa sawa. Sisi tusio na mshahara hutakiwa kulipa mchango wa mwaka mzima kwa mkupuo, hata ukipangiwa kiwango cha chini kabisa cha shilingi 300 kwa mwezi, na mwandishi ni nadra awe na pesa ya mwaka mzima mfukoni kwa siku moja. Tuliulipa jioni ile ile. Bima hiyo hulipia kikao kimoja cha kusafishwa damu shilingi 10,650. Kitabu cha mwenzetu huuzwa shilingi 600, na mrabaha wake, yaani fungu la mwandishi kwa kila nakala, ni asilimia 10, yaani shilingi 60. Piga hesabu: bila bima, kikao kimoja kingemeza mrabaha wa nakala 178. Kisha kuna teksi ya kumrudisha Njoro, maana mtu aliyetoka kwenye mashine hawezi kubanana kwenye matatu.

Lakini pesa jamaa zake na kanisa lake walichanga pia, tena kutushinda. Nataka niseme juu ya yale ambayo wao hawangeweza.

La kwanza ni mkataba. Mchapishaji wake mmoja alikuwa hajamtumia taarifa ya mauzo kwa miaka miwili. Mkewe hakujua hata aanzie wapi kuuliza. Tulikaa watatu sebuleni kwao, tukaupata mkataba ndani ya katoni ya karatasi za mitihani ya zamani, tukaandika barua tukitaja kifungu kwa nambari, na mmoja wetu akaipeleka Nairobi kwa mkono. Baada ya wiki tano pesa ziliingia. Mwalimu (ndivyo tunavyomwita sote) aliusoma ujumbe wa benki, akamwita mkewe auone kwa macho yake. Michango yetu alikuwa ameipokea kwa shukrani, lakini huwa anainamisha kichwa akiipokea. Hizi hakuziinamia. Zilikuwa jasho lake.

Wapo wanaosema harambee za waandishi ni kelele tu, kwani mgonjwa hufa hata hivyo. Sikubaliani nao hata kidogo. Binyavanga Wainaina, aliyezaliwa papa hapa Nakuru mwaka 1971 na kushinda Tuzo ya Caine ya hadithi fupi za Kiafrika mwaka 2002, alipopatwa na kiharusi mwaka 2015, marafiki na waandishi wenzake walichangisha fedha za kumpeleka India kutibiwa. Aliaga dunia Mei 2019, akiwa na miaka 48. Mimi huihesabu ile miaka zaidi ya mitatu iliyokuwa katikati. Nani atasema haikuwa kitu?

La pili, na ndilo kubwa kwangu, ni mswada. Mwalimu alilazwa akiwa katikati ya riwaya kuhusu familia ya mtaa wa Mwariki, hapa Nakuru, ambayo nyumba yao imemezwa na ziwa. Akiwa kwenye mashine, mkono mmoja una sindano mbili, mwingine umefungwa kipimo cha presha. Hawezi kushika kalamu. Kusema anaweza. Kwa hiyo tumegawana zamu: yeye husema, sisi huandika, na kila baada ya ukurasa tunamsomea.

Siku yangu ya kwanza alisema maji "yalipanda". Nikaandika "yalifurika", nikidhani nampunguzia kazi. Nilipomsomea alifumbua macho. "Mafuriko huja usiku mmoja yakaondoka. Haya yalipanda polepole, watu wakiyaangalia, na hayakurudi. Futa." Nilifuta, na tangu siku ile sijamwongezea hata koma. Anayekwenda kumwandikia mgonjwa, mtindo wake auache nyumbani.

Kuna siku hazai hata sentensi moja. Misuli ya mguu humkaza, au kiu humtesa, kwa sababu maji yake ya siku nzima hupimwa kwa kikombe kidogo cha plastiki. Siku hizo namsomea sura za nyuma, naye husikiliza akiwa amefumba macho.

Tuko sura ya saba. Alhamisi ni zamu yangu, na ameniagiza nije na kamusi, maana wiki iliyopita tulibishana juu ya "ukingo" na "ufuo", na bado hajaridhika.