Usimminye kunguni bustanini kabla ya kumwangalia mdomo

Kunguni wa kahawia, mgongo kama ngao, katulia juu ya jani la sukuma wiki. Mkono hukimbilia kumminya. Kama unalima Marekani, subiri kidogo: huenda huyo ni Podisus maculiventris, kunguni askari, na kilichomleta hapo ni viwavi wanaotoboa mboga yako.

Mtie kwenye chupa ya kioo, mgeuze chali, umwangalie kwa kioo cha kukuzia. Mdomo wa kunguni ni mrija uliokunjwa chini ya kichwa. Kwa wale wanaofyonza mimea, mrija huo ni mwembamba kama vipapasio vyao na umelala ukigusa mwili. Wa askari ni mnene karibu mara mbili ya kipapasio, na anaweza kuunyoosha mbele kama mkuki. Mabega yake yana ncha kali, ila usiyategemee mabega peke yake, kwani wapo kunguni walaji mimea wenye mabega ya namna hiyo. Mdomo ndio unaoamua.

Anayechanganywa naye sana ni kunguni wa kahawia kutoka Asia, aliyeonekana mara ya kwanza Marekani huko Allentown, Pennsylvania, miaka ya 1990. Huyo ana mabega ya mviringo na mikanda myeupe kwenye vipapasio. Mayai yake ni laini, rangi ya kijani kilichopauka, mara nyingi 28 kwa fungu, chini ya jani. Mayai ya askari yana miiba mirefu iliyozunguka kifuniko, mithili ya kope za jicho. Ukiona kope hizo, jani liache lilivyo.

Tunutu, yaani watoto wa askari, wakitoka kwenye mayai hukaa kikundi, kichwa cheusi na tumbo jekundu, na siku za mwanzo hunywa maji na utomvu tu. Baada ya kujivua gamba mara ya kwanza huanza kuwinda. Humchoma kiwavi, humtia mate yanayoyeyusha nyama ya ndani, kisha humfyonza. Kiwavi aliyening'inia kwenye jani, mweusi na amenywea, ni dalili kwamba kazi inafanyika. Hula viwavi wa kabichi, lava (watoto) wa mbawakawa wa viazi wa Colorado na lava wa mbawakawa wa maharage. Vidukari usimtegemee akumalizie. Na ukweli usemwe: hachagui, hata lava wa wadudu rafiki humpitia mdomoni.

Ukinunua tunutu, waachie siku hiyohiyo walipofika, jioni, kwenye mimea ambayo tayari ina viwavi. Watawanye wachache wachache, mmea kwa mmea. Hapa ndipo wengi hupoteza fedha zao: wakimwagwa sehemu moja na chakula kikawa haba, hulana wenyewe kwa wenyewe. Bustani isiyo na viwavi haiwahitaji. Wataondoka au watakufa njaa.

Dawa za kuua wadudu za jamii ya pairethroidi, na ile iitwayo kabarili pia, huwaua askari pamoja na wadudu waharibifu. Viwavi wakizidi nguvu, tumia dawa ya bakteria wa Bt (Bacillus thuringiensis) aina ya kurstaki, ambayo huua viwavi peke yao, tena nyunyiza mimea iliyoelemewa tu. Ukinyunyiza bustani nzima, umemnyima askari chakula. Matundu machache kwenye majani ya nje ya kabichi yavumilie; hao viwavi wachache ndio wanaomfanya abaki.

Wakubwa hupitisha baridi chini ya majani makavu na magome. Ukisafisha bustani mwezi wa Novemba mpaka udongo ukabaki uchi, umewatupa pamoja na takataka. Acha ukanda wa majani makavu kandokando ya ua, usiuguse mpaka joto la Aprili au Mei liwatoe wenyewe.