Pikipiki ya theluji karibu na ardhi ya Red Lake

Kaka, umeuliza kama leseni yako ya gari inatosha kuendesha pikipiki ya theluji (snowmobile) juu ya barafu ya ziwa Upper Red Lake, jimbo la Minnesota, Marekani. Haitoshi. Minnesota inamtaka mkazi wake aliyezaliwa baada ya 31 Desemba 1976 awe na cheti cha mafunzo ya usalama wa pikipiki hizo.

Ila kinachonitia wasiwasi zaidi ni mpaka. Upande wa mashariki wa ziwa, kule kijiji cha Waskish, maji ni ya jimbo. Sehemu iliyobaki ni ya taifa la Red Lake, la Waojibwe, wenyeji wa asili wa Marekani. Ardhi yao ni ya pamoja, haina viwanja vya watu binafsi, na mgeni haingii kujiendea tu. Wana sheria zao, polisi wao na mahakama yao. Juu ya barafu huoni ukuta wala uzio, kwa hiyo weka mpaka kwenye GPS kabla hujawasha injini. Ukitaka kuvuka, omba kibali kwa taifa lenyewe; cha jimbo hakikusaidii huko. Rafiki kukwambia "twende tu" si kibali.

Barafu nayo: kwa pikipiki, angalau sentimita 13 hadi 18 za barafu safi na ngumu. Ile nyeupe, unene wake uhesabu nusu. Toboa upime njiani, si ufukweni tu. Vaa helmeti na jaketi la kuelea, na usiku punguza mwendo, maana taa haimuliki mbali. Pombe iache nyumbani.