Umepewa Kipindi cha Simu? Jua Tusi ni Lipi Kabla Bosi Hajakuambia

Wiki hii dada mmoja kanitumia ujumbe: "Kaka, nimepata nafasi kwenye redio ya jamii huku kwetu. Wamenipa kipindi cha asubuhi cha kupokea simu. Naogopa watu wenye midomo michafu. Wewe ulikuwa unafanyaje?"

Hongera, mdogo wangu. Umemuuliza mtu sahihi. Kipindi changu kilikuwa kinasikilizwa mpaka sokoni, na barua ya onyo nikapewa juu yake.

Tuanze na matusi ya kweli, maana hayo ndiyo rahisi. Redio kubwa zina mtambo wa kuchelewesha sauti kwa sekunde chache: mtu akitukana unabonyeza kitufe, tusi halifiki kwa msikilizaji. Sisi tulikuwa na mikisa ya zamani (mashine ya kuchanganya sauti), simu iliyochomekwa kwa waya, na kidole changu. Mpiga simu akiwa hewani, kidole hakitoki kwenye fada yake, kile kitufe cha kutelezesha cha kupandisha na kushusha sauti. Chai kunywa kwa mkono mwingine. Kuna kijana mmoja kwenye salamu za Jumamosi alianza vizuri kabisa, kasalimia wajomba, mashangazi, bodaboda wote wa stendi, "isipokuwa wewe uliyenichukulia mke, mwana wa..." Nikashusha fada pale pale, nikapandisha jingo (kile kibwagizo cha kituo), nikasingizia mtandao, tukaenda na taarabu. Mama yangu alikuwa anasikiliza nyumbani na hakushtuka hata kidogo. (Mipasho ya wimbo uliofuata ilikuwa mikali kuliko alichotaka kusema yule kijana, lakini mipasho haijawahi kuniletea barua.)

Barua ilisababishwa na mzee mmoja mstaarabu, aliyepiga simu siku tunazungumzia maji. Kaanza na shikamoo kwa wasikilizaji wote. Akasema bomba la kijijini kwao limekauka, michango inaendelea kukusanywa, na kuna watu "matumbo yao yamejaa hela ya maji yetu". Hakutaja jina wala cheo. Sikushusha fada. Nikamuuliza michango inakusanywa na nani, risiti wanapewa? Akajibu kwa utulivu, akashukuru, akakata simu.

Kipindi hakijaisha, meneja wa kituo kashasimama mlangoni. Kesho yake nikakabidhiwa barua: nimeruhusu "lugha isiyo ya staha" hewani. Nikaomba tukae tusikilize kipindi pamoja, anioneshe neno lenyewe. Nikaambiwa hakuna haja. Kipindi kikageuzwa cha muziki na salamu. Naandika haya na bado yananiuma, sitaki kudanganya.

Sasa nisikilizeni, ninyi mnaotaka maikrofoni. Msichanganye mambo. Tusi la nguoni ni tusi, lizimeni. Kumtaja mtu kwa jina na kumwita mwizi bila ushahidi ni kashfa, hiyo nayo izimeni, maana mahakamani mtakwenda ninyi na kituo, mpiga simu hatapatikana. Uchochezi ni tuhuma nyingine kabisa, na ni nzito: Agosti 2016 Magic FM ya Dar es Salaam na Radio 5 ya Arusha zilifungiwa kwa tuhuma hiyo. Lakini mwananchi kulalamika kwamba hela yake haionekani si lolote kati ya hayo matatu. Anayeliita tusi anajua kwa nini analiita hivyo.

Najua hoja ya mameneja. Kamati ya Maudhui ya TCRA, yaani Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, ikikiita kituo, anayekwenda kujieleza ni wao, na faini moja inaweza kumaliza redio ndogo inayoishi kwa matangazo ya vifo na mikopo ya pikipiki. Hofu hiyo naielewa. Basi waandike kisichotakiwa! Wenzetu wa Kenya wameandika mpaka saa: kuanzia saa 11 alfajiri hadi saa 4 usiku, maudhui ya watu wazima hayaruhusiwi hewani. Unaweza kubishana na saa hizo, ila unazijua kabla hujaingia studio. Mimi nilijua mpaka wangu nilipopewa barua.

Kwa hiyo, mdogo wangu, kabla ya siku ya kwanza muombe bosi wako akuandikie ni nini hakitakiwi, na asaini. Akisema "tumia busara tu", mwandikie wewe ulivyoelewa, umtumie WhatsApp, ili iwepo. Ongea na mpiga simu kabla hujampandisha hewani, mlevi utamjua kwa salamu tu. Kidole kwenye fada, nimeshasema. Na rekodi ya kila kipindi uondoke nayo siku hiyo hiyo, usingoje kesho. Ile ya mzee wa maji ninayo kwenye flashi mpaka leo, na atakayetaka tusikilize pamoja aje, hata meneja mwenyewe.